Kadi mbili, watu watatu: jibu kwa binti wa Kondoa anayesubiri mahafali

Swali: Shikamoo. Nimemaliza shahada ya ualimu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Dar es Salaam, na mahafali yetu ni wiki tano zijazo. Kwetu ni Kondoa, mkoani Dodoma, na katika ukoo wetu sijasikia aliyevaa joho kabla yangu. Tumeambiwa kila mhitimu atapata kadi mbili za wageni. Mimi nina watu watatu: mama, bibi, aliyenilea tangu nina miaka minne, na baba mdogo, aliyebeba ada na mahitaji yangu ya sekondari yote. Fedha ni kidogo, mambo ni mengi, sijui nianze na lipi. Rafiki yangu ananiambia nisijisumbue kwenda, eti cheti ni kile kile. Ni kweli? Naomba unisaidie.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Nimefanya kazi katika ofisi ya usajili ya chuo kikuu kwa zaidi ya miaka 20, na mingi kati ya hiyo nimekaa kwenye kamati ya mahafali. Maswali ya joho na kofia nimeyajibu mpaka nimeyazoea. Hili lako la kadi mbili na watu watatu sijalizoea hata leo, kwa hiyo utaniwia radhi nikilikalia kuliko mengine.

Nianze na rafiki yako. Kuhusu cheti anasema kweli. Matokeo yako yakishapitishwa na seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo, na jina lako likaingia kwenye orodha ya wanaotunukiwa, shahada utaipata hata siku hiyo ukiwa Kondoa unapalilia. Mkuu wa chuo akitamka maneno ya kutunuku, anawatunuku waliosimama mbele yake na wasiokuwepo pia. Kila mwaka wapo wanaokosa: huyu amejifungua juzi, yule ana msiba, mwingine amepata kazi ya mkataba mkoani na bosi hampi ruhusa, mwingine hana nauli. Vyeti vyao havina alama yoyote inayowatenga na wenzao. Kwa hiyo ingekuwa unachagua kati ya mahafali na dawa za bibi, ningekwambia kanunue dawa, na usione haya hata kidogo.

Ila kama nauli inaweza kupatikana, nenda. Tazama maneno yenyewe tunayoyatumia. Mahafali tumeyapokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni mikusanyiko ya watu. Shahada nayo ni ushuhuda. Siku hiyo chuo kinasimama mbele ya watu na kutoa ushahidi: huyu tumemfundisha, tumemtahini, amefaulu. Mwajiri atausoma ushahidi huo kwenye karatasi na kuridhika. Bibi yako hatausoma kwenye karatasi. Yeye anatakiwa ausikie kwa masikio yake, akiwa amekaa kwenye kiti, mahali ambapo watu wakubwa wanasimama kwa ajili ya mjukuu wake. Hicho ndicho rafiki yako hakukihesabu.

Sasa kazi. Wiki hii, kabla hujawaza joho, angalia jina lako. Ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, tazama jina limeandikwaje, kisha chukua cheti chako cha kidato cha nne ulinganishe herufi kwa herufi. Vyuo vyetu humsajili mwanafunzi kwa jina lililo kwenye vyeti vya Baraza la Mitihani, na shahada hufuata jina hilo hilo. Makosa yenyewe huwa madogo: Ramadhani inakuwa Ramadhan, Mwanaidi anakuwa Mwanahidi, jina la babu linaruka, la katikati linatangulia. Leo unaweza kuliona ni jambo dogo. Siku unapeleka maombi ya ajira, na shahada inasema hivi, cheti cha kidato cha nne kinasema vile, na kitambulisho cha taifa kina la tatu, utaambiwa ukaape na kuleta viapo, na wakati huo dirisha la maombi linafungwa.

Kama kosa ni la chuo, andika barua fupi, ambatanisha nakala za vyeti, peleka mwenyewe ofisi ya usajili na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama jina umelibadilisha wewe, kwa ndoa au kwa sababu nyingine, njia yake ni hati ya kubadili jina, ile watu wanayoiita dipoli, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Usitegemee kwamba chuo kitaandika jina jipya kwenye shahada kwa sababu tu umeomba. Vyuo vingi hushikilia jina ulilodahiliwa nalo, na hati hiyo ndiyo itakayounganisha majina mawili huko mbele.

Baada ya jina, fomu ya kliaransi. Hii ndiyo inayopita maktaba, bweni, idara, michezo na kwa mhasibu, kila mmoja akithibitisha kwamba hakudai kitu. Wanafunzi huichukulia kama usumbufu wa kukusanya sahihi. Ngoja nikwambie nilichokiona. Mwaka mmoja, katika chuo nilichokuwa nikifanya kazi, alikuja mzee mmoja kutoka Nyanda za Juu Kusini, amevaa suti ya zamani iliyopigwa pasi vizuri sana. Alikuwa ameshika kitabu cha mahafali na anapitisha kidole jina kwa jina kwenye ukurasa wa kitivo cha mwanawe. Alifika mwisho, akarudi juu, akaanza tena. Kijana wake hakuwemo. Alikuwa na kitabu cha maktaba ambacho alishakirudisha, lakini karani hakufuta deni kwenye kumbukumbu, na kijana hakwenda kuhakikisha. Sisi ofisini tungeweza kulinasa kosa hilo na hatukulinasa. Kijana alivaa joho akakaa na wenzake, lakini jina lake liliingia kwenye mahafali yaliyofuata. Tangu siku hiyo kila mhitimu aliyepita mezani kwangu nilimwambia: usiishie kupata sahihi, rudi baada ya siku tatu uulize kama deni limefutwa kwenye mfumo. Nawe nakwambia hivyo hivyo. Na kila unacholipa, lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na chuo, uhifadhi risiti. Mtu akikwambia mpe fedha mkononi akuharakishie, mwache.

Kisha orodha ya wahitimu ikibandikwa au kuwekwa kwenye tovuti, isome siku hiyo hiyo. Chuo huweka muda wa kurekebisha, na huwa ni mfupi.

Haya, turudi kwenye kadi zako.

Chuo hakikunyimi kadi ya tatu kwa ubaya. Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15, wakisomea kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Ukoo mzima wa kila mmoja wao ungeenea kwenye ukumbi mmoja. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1970 kila kimoja kikasimama peke yake, na kutoka hapo idadi imepanda mpaka mahafali yakagawanywa kwa duru, duru hii ya ndaki hizi, yaani vyuo vilivyo ndani ya chuo kikuu, duru ile ya ndaki zile. Hata kwa kugawanya hivyo, ukumbi ukishachukua wahitimu na wahadhiri, viti vilivyobaki ni vichache. Hesabu inatoka mbili kwa kila mmoja, wakati mwingine hata moja.

Kwa hiyo jaribu kwanza kutafuta ya tatu kwa njia ya haki. Wenzako wanaotoka mbali sana, Kigoma au Kagera, mara nyingi wazazi wao hawaji, au anakuja mmoja. Waulize mapema, wiki hizi mbili, kabla kila mtu hajaanza kutafuta. Kadi inapewa bure kati ya marafiki. Ikianza kuuzwa achana nayo, kwa sababu kadi za kuuzwa huwa na nakala za kughushi, na getini atakayezuiwa ni mzee wako. Ukikosa kwa wenzako, nenda ofisi inayoratibu mahafali siku moja au mbili kabla, mwenyewe, kwa adabu, ueleze. Nimewahi kuwa upande wa pili wa meza ile. Kadi chache hubaki kila mwaka, na hupewa aliyefika na kueleza shida yake vizuri.

Ukikosa kabisa, utabidi uchague. Hapa nitasema yangu, wewe utapima.

Mimi nilipohitimu nilikuwa na kadi mbili vile vile. Nikampa mjomba wangu mmoja aliyekuwa na cheo serikalini, na mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa amechangia ng'ombe kwenye safari yangu ya masomo. Mama akasema, "Wape wao, mwanangu, mimi nitakuona ukitoka." Nilimkubalia upesi mno. Alikaa nje ya uzio kwenye kivuli cha mti tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na nilipotoka alikuwa amesimama, ameshika khanga mpya aliyoninunulia, imekunjwa bado. Alifurahi kweli, hakunung'unika siku ile wala baadaye. Ameshafariki. Mjomba wangu nilipokuja kumuuliza miaka mingi baadaye kuhusu siku ile, alikumbuka chakula.

Ndiyo maana nakuomba: mama yako akisema atabaki nje, usikubali haraka. Mama zetu wamezoea kuwa wa mwisho kunawa. Kwa upande wangu naona bibi na mama waingie. Bibi ni mtu mzima, hawezi kuachwa peke yake kwenye umati. Anahitaji mtu wa kumshika mkono, kumwonyesha choo, kumnong'oneza kinachoendelea, na mtu huyo bora awe mwanamke. Umri wake pia unakwambia kwamba hii huenda ni nafasi moja tu.

Inabaki heshima ya baba mdogo, nayo ni kubwa, usiipitie juu juu. Mpigie simu leo au kesho, usimwandikie ujumbe, na wala usisubiri ajue akiwa ameshafika getini na suti yake. Mwambie hali ilivyo, mwambie umemfikiria, na umwombe jambo moja ambalo hutampa mtu mwingine: asubuhi ya mahafali, nyumbani mlikofikia, yeye ndiye akuvike joho. Mama na bibi wakiwa wamekaa wanatazama, baba mdogo asimame nyuma yako, alinyanyue joho, akuingize mikono. Picha ya kwanza ya siku hiyo iwe hiyo, wewe na yeye peke yenu. Nimemshauri hivi zaidi ya mhitimu mmoja, na sijawahi kusikia mzee aliyekwazika. Akiwa nje wakati wa shughuli, vyuo vingi sasa huweka skrini viwanjani au kurusha matangazo mtandaoni. Mwekee bando kwenye simu usiku wa kuamkia siku hiyo, na mpatie kiti cha kukunja. Simu ya kiswaswadu, ile ndogo ya vitufe, haitamsaidia, mwazimie nyingine.

Safari ya kutoka Kondoa isiwe ya siku moja kabla. Wafike angalau siku mbili mbele, bibi apumzike miguu ishuke uvimbe. Tangu 2024 ipo treni ya umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam, inafika kwa muda wa kama saa nne, na kwa mzee ni nafuu kubwa kuliko kukaa kwenye basi kutwa nzima. Kateni tiketi mapema, na kila mmoja abebe kitambulisho chake.

Joho sasa. Neno hili ni letu la zamani. Kabla ya chuo kikuu chochote Afrika Mashariki, waungwana wa pwani walivaa joho juu ya kanzu, vazi refu lililo wazi mbele, limetariziwa kwa uzi wa dhahabu, na mpaka leo bwana harusi wa Lamu au Zanzibar anaweza kulivaa. Joho la chuo limetoka upande mwingine, kwenye vyuo vya Ulaya vya zama za kati, ambako wasomi wengi walikuwa watu wa kanisa na majengo yalikuwa na baridi. Ndiyo maana ni zito na pana, na ndiyo maana Dar es Salaam ya Novemba litakuchosha. Vaa nguo nyepesi ya pamba ndani. Hakuna atakayeiona zaidi ya kola na pindo.

Unapokwenda kulichukua, usipokee tu na kuondoka. Livae pale pale. Pindo lifike katikati ya muundi. Likigusa viatu utalikanyaga kwenye ngazi. Tazama zipu, tazama madoa, na kama kuna kasoro mwambie anayegawa aandike kabla hujasaini, maana vyuo vingi hutoza ukirudisha lililoharibika au ukichelewesha. Kofia jaribu ukiwa umeshasuka. Kila mwaka mabinti huchukua kofia wakiwa na nywele fupi, kisha wanasuka rasta nene wiki hiyo hiyo, na siku yenyewe kofia inakaa juu kama sahani. Kama unavaa hijabu, ifunge kwa kubana, bila fundo kubwa nyuma, kofia ikae juu yake, uishike kwa pini mbili kwa ndani. Sehemu bapa ilale sawa na ardhi, ukingo wake wa mbele uwe juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili. Watu wengi huirudisha nyuma ya kichwa, na katika picha wanaonekana kama kofia inawakimbia.

Kinachowatesa wahitimu kuliko vyote ni ule ukanda mpana wa rangi unaoshuka mgongoni, ambao wengi huuita hudi. Rangi zake hutambulisha shahada au ndaki yako, kwa hiyo hakikisha umepewa ya kwenu. Unavutwa nyuma na uzito wake, na baada ya saa moja unakukaba koo. Kwa mbele una kitanzi kidogo cha uzi. Wanaume hukitundika kwenye kifungo cha shati na shida inaisha. Wewe kama gauni lako halina kifungo, shona kimoja kwa ndani usiku uliotangulia, au tumia pini kuubana na nguo ya ndani kwenye mabega yote mawili. Beba pini sita, kuna wenzako watano watakuomba. Joho likiwa na mikunjo, usilipige pasi ya moto. Kitambaa chake huyeyuka na kung'aa. Ligeuze ndani nje, tandika kitambaa chembamba juu yake, pasi iwe ya moto mdogo. Viatu vifupi, vilivyokwisha kuvaliwa. Utasimama sana.

Kuhusu sherehe ya nyumbani nitakuwa mkali kidogo. Nimeona familia zikiunda kamati, zikichapisha kadi za michango, zikikodi ukumbi, mpambaji na mshereheshaji, na mhitimu anaamka Jumatatu ana deni na hana kazi. Usichukue mkopo kwa ajili ya mahafali, na hasa ile mikopo ya kwenye simu yenye riba kubwa, inayoitwa kausha damu. Kama ulisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, kumbuka ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kulipa deni hilo. Usiliongezee jingine kabla hujaanza. Pilau ya Kondoa, kwenye mkeka, majirani na walimu wako wa msingi wamekaa, inatosha na inazidi. Fedha ukiipata ipeleke kwanza kwenye nauli ya bibi, kisha ada ya joho, kisha maji na chakula cha siku hiyo, kisha picha moja nzuri ya kuchapishwa na kuwekwa fremu. Wapiga picha wa getini wapo wazuri na wapo wanaochukua fedha wakapotea. Elewana bei, lipa nusu, chukua namba.

Cheti katika vyuo vyetu vingi hakitolewi siku hiyo. Utakifuata baadaye ofisi ya usajili ukiwa na kitambulisho na fomu ya kliaransi. Kisome chote kabla hujasaini kukipokea. Usikitie plastiki ya moto, maana ofisi nyingine hukataa cheti kilichofanyiwa hivyo kwa kuwa hawawezi kukagua karatasi na muhuri. Toa nakala kadhaa, zithibitishwe na wakili au hakimu, asili ibaki mahali pakavu. Na picha yake usiiweke mtandaoni, hata kwa furaha. Namba, sahihi na muhuri vikionekana vizuri, mwenye kughushi amepata kiolezo. Kikipotea utadaiwa ripoti ya polisi, tangazo gazetini, na subira ndefu.

Nimalizie na siku yenyewe, kwa sababu nataka uweze kuwaeleza mama na bibi kabla hawajaingia.

Mazoezi yapo kabla, mara nyingi jana yake. Usiyakose, ndipo unapojua safu yako na mlango wako. Siku ya mahafali wageni huingia mapema na milango hufungwa. Akija kiongozi mkubwa wa nchi ukaguzi unakuwa mrefu zaidi, kama ilivyokuwa Novemba 30, 2022 Rais Samia alipotunukiwa shahada ya heshima ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kadi na kitambulisho viwe mkononi, mkoba uwe mdogo. Bibi anywe chai na ale kitu kizito asubuhi. Chagueni viti vya pembeni mwa njia, karibu na mlango wa kwenda chooni, hata kama si vya mbele.

Wahitimu huingia kwanza na kukaa. Kisha bendi inapiga, na wote mnasimama: maandamano ya kitaaluma yanaingia, wahadhiri na maprofesa kwa majoho ya rangi za vyuo walivyosoma, wajumbe wa seneti, wajumbe wa baraza, na mwisho kabisa mkuu wa chuo. Mweleze bibi kwamba huyo siye anayekiendesha chuo kila siku. Wa kila siku ni makamu mkuu wa chuo. Mkuu ni mtu mzima wa heshima anayebeba mamlaka ya kutunuku. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa kwanza, mwaka 1970, alikuwa Mwalimu Nyerere, na mwaka 2016 aliteuliwa Jakaya Kikwete.

Mbele ya mkuu wa chuo hutangulia mtu aliyebeba siwa, ile fimbo ya mamlaka, kama unavyoiona bungeni Dodoma ikitangulia mbele ya Spika. Naipenda sana sehemu hii. Siwa ya asili ni baragumu kubwa la pwani. Ipo ya Pate ya pembe ya ndovu na ipo ya Lamu ya shaba, zimechongwa na kupambwa kwa ustadi wa ajabu, na zilipigwa kwenye shughuli kubwa za watawala na waungwana. Haikupigwa kwa kila mtu. Sasa inatangulia ukumbini anapokaa mjukuu wa mkulima wa Kondoa, naye anasimama inapopita.

Utaimbwa wimbo wa taifa na mara nyingi ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, zitafuata dua na hotuba. Hotuba ni ndefu, hapo mama ampe bibi maji. Kisha kazi yenyewe. Wanaotunukiwa uzamivu huitwa mmoja mmoja jukwaani. Ninyi wa shahada ya kwanza, kwa wingi wenu, huitwa kwa pamoja: rasi wa ndaki au mkuu wa shule anasoma shahada yenu, mnasimama wote, anawakabidhi kwa mkuu wa chuo, naye anawatunuku kwa maneno machache. Yanapita upesi, pengine hata dakika haifiki. Katika vyuo vingi kofia mnakuwa mmeishika mkononi mpaka hapo, na maneno yakiisha ndipo mnaivaa. Lile shada la uzi kwenye kofia, la kulihamisha upande mmoja hadi mwingine, wengi wameliona kwenye picha za Marekani. Wewe fuata utakachoelekezwa kwenye mazoezi.

Kwa sababu ni upesi hivyo, wazee wengi hukosa. Nimewaona wakiuliza "bado?" wakati watoto wao wameshakaa. Kwa hiyo usiku wa kuamkia, kaa na bibi na kitabu cha mahafali. Mwonyeshe jina lako, weka alama kwa kalamu nyekundu, umhesabie shahada yenu ni ya ngapi kutajwa. Mwambie utakaa upande gani, safu ya ngapi kutoka mbele. Mwambie: utasikia wakitaja shahada ya ualimu, kundi kubwa litasimama kwa mkupuo, mimi nimo, mzee aliye katikati atasema maneno machache, kisha utaona kofia zinapanda vichwani zote kwa pamoja. Zikipanda tu, bibi, piga kigelegele, usingoje mtu akuanzie.